Kabla ya Kukagua Ukuta, Panda Mlima: Kupima Hatari za Ardhi kwa Nyumba za Vijiji vya Milimani Dodoma

Ukimuuliza mtu kama nyumba yake iko salama, atakuonyesha ukuta. Tofali za kuchoma, udongo wa saruji moja kwa mchanga sita, linta imezunguka, bati ni geji 28. Kwa kijiji cha tambarare jibu hilo lina uzito. Kwa nyumba iliyokaa chini ya safu ya Kiboriani, kwenye miinuko ya Rubeho upande wa Mpwapwa au kwenye vilima vya Irangi kule Kondoa, hilo ni jibu la swali moja kati ya matatu, na mara nyingi si lile linaloua.

Swali la kwanza ni nini kinaweza kushuka kutoka juu: jiwe, udongo, au tope lililochanganyika na mawe. Hapa kinachoamua ni mahali nyumba ilipo, na ubora wa ukuta hauongezi kitu cha maana. La pili ni ardhi iliyo chini ya msingi: je, inavimba, inatembea, inaliwa na maji? Hapa kinachoamua ni msingi na njia za maji. La tatu ni mtikisiko wa ardhi, na ni hapo tu ndipo ukuta wenyewe unapobeba kesi yote. Ukaguzi mwingi wa nyumba vijijini huharibika kwa kuyachanganya maswali haya. Mwenye nyumba anatumia akiba ya miaka mitatu kumwaga mkanda wa zege, kumbe nyumba iko kwenye mdomo wa korongo.

Tarehe 3 Desemba 2023, sehemu ya Mlima Hanang iliyokuwa imelowa kwa mvua ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Hanang ni mlima wa volkano na udongo wake si sawa na changarawe za graniti za Dodoma, kwa hiyo si kila kilichotokea kule kitajirudia Mpwapwa kwa namna ileile. Kanuni lakini ni moja: mita moja ya ujazo ya tope lililobeba mawe ina uzito wa karibu tani mbili, mara mbili ya maji, na inakuja kwa mwendo. Ukuta wa tofali wa sentimita 15 hauwezi kushindana nayo, uwe wa saruji au wa udongo.

Kazi ya kupanda

Ukaguzi ufanyike Oktoba au mapema Novemba. Majani yamekauka, nyufa za ardhi zinaonekana, na mvua za msimu, ambazo kwa sehemu kubwa ya Dodoma huanza Desemba na kwisha Aprili, bado hazijafuta alama. Vifaa ni vya kawaida: ubao ulionyooka wa mita 2, pima maji, timazi, futi ya kupimia, misumari, rangi ya mafuta, simu ya kupiga picha, na kipimapembe cha mwanafunzi.

Mteremko hupimwa hivi. Weka ncha moja ya ubao kwenye ardhi upande wa juu, ulaze hadi pima maji ikubali, kisha pima kutoka ncha ya chini kwenda ardhini. Sentimita 73 ni nyuzi 20, sentimita 115 ni nyuzi 30, sentimita 140 ni nyuzi 35. Rudia sehemu kadhaa, maana mlima haushuki kwa mstari mmoja. Udongo mara nyingi hutelezea kwenye mteremko wa nyuzi 25 hadi 45. Ukizidi hapo huwa hakuna udongo wa kuteleza, umekwisha kuondoka na limebaki jabali tupu. Ndiyo maana sehemu inayotisha kwa macho, ule mwamba uliosimama wima, si lazima iwe ndiyo mbaya kuliko bega la mlima lenye majani lililo kando yake.

Sasa majabali. Vilima vingi vya katikati ya nchi ni vya graniti iliyopasuka kwa mistari mirefu, ikaoza kwenye nyufa, na kuacha mawe ya mviringo yamepangana. Mengi yamekaa hapo tangu kale na yataendelea kukaa. Kazi ya mkaguzi ni kuyatenga machache yanayosubiri sababu. Angalia kitako: jiwe limekaa juu ya mwamba au juu ya udongo? Kama ni udongo, je, upande wa chini umechimbwa na maji hadi mkono unapita? Angalia rangi. Uso wa zamani wa graniti ni mweusi au wa kijivu na una ukoga mkavu. Uso mweupe au wa waridi umepasuka karibuni. Angalia mizizi, hasa ya mikuyu, inayoingia kwenye ufa na kuutanua mwaka hadi mwaka. Kisha tembea chini ya mlima utafute mawe yaliyokwisha kushuka. Jiwe lililokaa peke yake katikati ya shamba, mbali na mwamba wowote, limeshakupimia umbali bila malipo.

Kwa umbali ambao jiwe jipya linaweza kufika, kuna kipimo cha haraka. Funga uzi wenye kijiwe katikati ya kipimapembe, simama mlangoni mwa nyumba, elekeza ukingo ulionyooka kwenye jabali unaloliogopa, na mwenzio asome uzi umeangukia wapi. Tofauti kati ya namba hiyo na 90 ndiyo pembe. Ikizidi nyuzi 28 hivi, nyumba ihesabiwe kuwa imo ndani ya eneo la kufikiwa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Kwa maneno mengine, jabali lililo mita 50 juu ya nyumba linaweza kufika umbali wa mita 94 hivi kwa kipimo cha mlalo. Jiwe la mita moja ya ujazo lina tani 2.6 au 2.7. Likianguka kimo cha mita 20 bila kuzuiwa, linafika chini na mwendo wa karibu kilomita 70 kwa saa.

Jambo moja ambalo fomu nyingi za ukaguzi hazina, na linapaswa kuwemo: wapondaji wa kokoto. Njia ya kawaida ni kuwasha moto juu ya graniti hadi tabaka la juu libanduke, kisha kulipasua kwa nyundo. Ni kazi halali inayolisha familia. Lakini moto na nyundo kwenye miguu ya kilima huondoa kabari iliyokuwa ikishikilia mawe ya juu. Ukikuta majivu na vipande vipya vyeupe, inua macho ufuate mstari wa mteremko, andika kilicho juu yake, kisha geuka uone kilicho chini. Wala mtu asishauriwe kusukuma jiwe kwa mtaimbo ili "kulimaliza" huku kuna nyumba chini. Jiwe likishaanza kushuka halina dereva.

Mdomo wa korongo

Watu hupenda kujenga pale korongo linapotoka mlimani, na wana sababu nzuri: ardhi imelala, mchanga uko karibu, maji ya kisima hayako mbali, mboga zinakubali. Ardhi hiyo imelala kwa sababu korongo lenyewe ndilo lililoilaza, kwa kumwaga mzigo wake kila linapotoka kwenye mteremko mkali. Kuna siku litamwaga tena.

Kinachotakiwa ni kutofautisha korongo linaloleta maji na mchanga na korongo linaloleta tope na mawe. Tafuta ukingo uliokatwa, urefu wa mita moja au mbili, usome tabaka zake. Mchanga uliopangwa kwa mistari, mzito chini na laini juu, uliletwa na maji. Mawe makubwa na madogo yaliyochanganyika ovyo ndani ya udongo, mengine yameelea juu kabisa, yaliletwa na tope. Tafuta pia matuta mawili ya mawe yanayofuata kingo za korongo kama vile mtu ameyapanga: tope huacha mawe pembeni linapopita. Angalia magome ya miti, ule upande wa shina unaotazama mlimani. Kovu lililo mita moja na nusu kutoka ardhini linakueleza kimo cha kilichopita.

Kisha fuata korongo hadi juu. Tope hizi huzaliwa kwenye mteremko mkali, nyuzi 20 na kuendelea, na huanza kutua mteremko ukishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Nyumba iliyo kwenye nyuzi 5 si lazima iwe salama, maana tope laini husafiri mbali kuliko mawe yake. Hesabu mizigo iliyo tayari: kingo zilizoporomoka, magogo yaliyokwama, mahali mawe yamejenga kizuizi. Kila kizuizi ni bwawa linalosubiri mvua. Ndiyo sababu dalili mbaya kuliko zote wakati wa mvua ni maji ya korongo kupungua ghafla huku mvua ikiendelea. Mtu anayejua hasubiri kuuliza. Anakimbia kwa ubavu, kupanda kingo, si kufuata bonde kwenda chini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Hiyo isitumike kama kipimo cha usalama. Mita hizo zililenga kulinda chanzo cha maji. Kwenye mdomo wa korongo la tope zinaweza kuwa kidogo mno, na kwenye kingo za mwamba mgumu zinaweza kuzidi.

Wazee waulizwe, ila waulizwe vizuri. "Hapa kuna mafuriko?" ni swali la kupotezea muda. Waulize mvua za El Nino za 1997 na 1998 maji yalifika wapi, waombe waende wakaguse mti au jiwe lenyewe, kisha mpeleke mtu wa pili mahali hapo bila yule wa kwanza. Wakitofautiana kwa hatua tano, andika. Wakitofautiana kwa hatua mia, tafuta wa tatu.

Ukame unavyodanganya

Ili kupata kiwanja kwenye mteremko, fundi hukata ardhi upande wa juu na kumwaga udongo huo upande wa chini. Nyuma ya nyumba unabaki ukuta wa udongo wa mita 2 au 3, wima kabisa, na nusu ya nyumba inakaa juu ya kifusi. Mwenye nyumba atakwambia ukuta huo umesimama miaka saba. Ni kweli. Changarawe ya graniti iliyooza, ikiwa na unyevu kidogo, chembe zake hushikana kwa nguvu ya utando wa maji uliomo katikati. Ikilowa kabisa, nguvu hiyo inatoweka, na udongo uliosimama wima unadai kulala. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, na miaka mingi mvua haifikii kina cha kuulowesha ukuta huo wote. Kwa hiyo miaka saba ya kusimama imepima ukame tu.

Kanuni ya kazi: umbali kati ya kitako cha udongo uliokatwa na ukuta wa nyumba usipungue kimo cha mkato. Mkato wa mita 2, uwazi wa mita 2. Kama nafasi haipo, mkato ulazwe hadi nyuzi 45 au pungufu, au ujengwe ukuta wa kuzuia. Ukuta wa mawe unaozuia kwa uzito wake unahitaji kitako chenye upana wa nusu ya kimo au zaidi kidogo, matundu ya bomba la milimita 50 hadi 75 kila mita moja na nusu, na nyuma yake kokoto za kuchuja maji. Kuta hizi zikianguka, chunguza utaona karibu kila mara matundu hayakuwekwa, au yaliwekwa na nyuma yake kukajazwa udongo wa mfinyanzi. Ukuta ulihesabiwa kubeba udongo, ukapewa na bwawa juu yake.

Juu ya mkato uchimbwe mtaro wa kukinga maji, na maji ya paa yaondolewe. Paa la mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 50, ni lita 4,000 zinazomwagwa kwenye mstari wa matone, yaani juu ya msingi na juu ya kifusi. Gata na tanki ni kinga ya mteremko kabla hata hayajawa maji ya kunywa. Choo cha shimo na shimo la maji machafu visiwe upande wa juu wa mkato.

Mahali ambapo haya yote hayawezekani mwaka huu, kuna hatua isiyogharimu kitu: badilisha vyumba. Stoo na jiko viende upande wa mlima, vitanda viende upande wa bonde. Udongo ukiangukia nyumba usiku, chumba cha nyuma ndicho kinachofukiwa kwanza.

Ufa unasema nini

Ufa ukutani ni ushahidi, lakini unasomwa vibaya kuliko dalili nyingine yoyote. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ulioko kwenye mabonde kati ya vilima, ardhi huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Nyufa zake hufunguka na kufunga kwa msimu, huanzia kwenye kona za madirisha na pembe za nyumba, na hazina uhusiano na mlima. Nyumba inayokaa nusu kwenye kifusi hupasuka kwa mstari unaosimama kati ya nusu mbili, mpana zaidi juu kuliko chini. Mteremko unaotembea hutoa ufa unaofuata mlalo wa kilima, hupita ukutani, sakafuni na uwanjani bila kujali kuta, na haufungi tena. Huu wa mwisho ndio wa kuhamisha watu.

Kujua ni upi, usitegemee macho. Piga misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, pima kati yake kwa milimita, andika tarehe kwa rangi ukutani. Pima kila mwezi, na baada ya kila mvua kubwa. Upana unaambia uzito wa uharibifu: chini ya milimita 1 ni lipu tu, hadi 5 ni kidogo, 5 hadi 15 ni wa kati na milango itaanza kukwama, 15 hadi 25 ni mbaya, juu ya 25 ukuta hauaminiki kubeba paa. Lakini ufa wa milimita 4 unaoongezeka kila mwezi ni mbaya kuliko wa milimita 12 ambao haujasogea kwa misimu miwili. Kuziba kwa lipu kabla ya kupima ni kufuta ushahidi.

Nje ya nyumba tafuta ndugu wa ufa huo: ufa wa upinde juu ya kilima, miti iliyopinda mguuni na kunyooka juu, nguzo za uzio zilizolala, chemchemi mpya, au tumbo la udongo lililofura chini ya mteremko. Dalili tatu kati ya hizo kwenye mteremko mmoja zinatosha kuita mjiolojia.

Mtikisiko

Dodoma iko kwenye mwisho wa kusini wa tawi la mashariki la Bonde la Ufa. Mipasuko ya Bubu, Mponde, Saranda na Fufu inajulikana kwa wanajiolojia, na tetemeko la Novemba 2002, la ukubwa wa takriban 5.5, lilitikisa mji. Kagera Septemba 2016, kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, ilionyesha kinachoanguka: kuta nzito zilizounganishwa kwa udongo, kona zisizofungamana, na ile pembetatu ya ukuta inayobeba paa.

Hapa mkaguzi arudi ukutani. Kwa tofali bichi au tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo, kimo cha ukuta kisizidi mara 8 ya unene wake, na urefu kati ya kuta za kukatiza usizidi mara 10. Ukuta wa sentimita 15 unaopanda mita 2.7 ni mara 18. Nyumba nyingi ziko hapo. Dirisha likae angalau mita 1.2 kutoka kona, na jumla ya nafasi za milango na madirisha isizidi theluthi ya urefu wa ukuta. Tembe la asili, kwa ufupi wake, lina faida, na miti yake ikiwa mizima hubeba paa hata ukuta ukibomoka. Hatari iko kwenye nguzo zilizoliwa na mchwa chini ya paa la udongo ambalo limeongezwa tabaka mwaka hadi mwaka. Chomeka kisu kwenye mguu wa nguzo. Kikizama sentimita 2 kwa mkono, paa hilo lipunguzwe.

Mkanda wa zege uwe na nondo nne za milimita 10 au 12, ringi kila sentimita 20. Hitilafu ya kawaida iko konani: fundi hukata nondo zikutane, badala ya kuzikunja zizunguke na kupishana kwa sentimita 60. Mkanda uliokatika kona nne ni vipande vinne vya zege juu ya ukuta.

Kuandika matokeo

Fomu nyingi hutoa alama kwa kila kipengele, kisha hujumlisha. Huo ni mtego. Nyumba yenye ukuta mzuri, msingi mzuri na gata, iliyo kwenye mdomo wa korongo la tope, itapata alama ya wastani na kuachwa. Hatari hizi hazipunguzani. Andika kila moja peke yake, na daraja la nyumba liwe lile la hatari yake kubwa. Madaraja manne yanatosha: kuhama, kutolala humo wakati wa mvua, kurekebisha kabla ya msimu, kufuatilia. Anzeni na bweni la shule, zahanati na nyumba za ibada.

Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja iende kwa mhandisi wa halmashauri. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 7, inaruhusu eneo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi, na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Kumbukumbu zenye vipimo na picha zina nguvu kwenye vikao hivyo kuliko malalamiko. Pale dalili zinapoelekeza kwenye mteremko unaotembea au mwamba unaomeguka, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, makao yake yako hapohapo Dodoma.

Mvua nayo ipimwe kijijini, maana wingu la Wota, kata ya wilaya ya Mpwapwa, halinyeshei Mpwapwa mjini. Kopo lenye kuta zilizonyooka likiwekwa uwanjani mbali na paa, kina cha maji kwa rula ndicho milimita za mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Kopo likifika hapo, hasa baada ya siku kadhaa za kunyesha, waliopewa daraja la pili wasilale nyumbani usiku huo, na asubuhi misumari yote ipimwe upya.